Potifolio ya kustaafia: robo hii nimechambua mabenki na kupanga mifuko upya

Wadau, mradi wa potifolio ya kustaafia, yani hisa na mifuko ninayoishika, unaendelea. Robo hii sijanunua sana, muda mwingi nimekaa na ripoti za mwaka na kikokotoo, maana hii ni hela ya kukaa nayo mpaka nistaafu na sitaki kushika kitu ambacho siwezi kueleza kwanini nimekishika.

Kwanza kanuni inayoniongoza kwenye hisa za DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam), kwamba bei unayoiona kwenye Hisa Kiganjani, ile app ya soko, sio mnunuzi. Angalia Vodacom, waliuza hisa kwa umma 2017 kwa shilingi 850, baadae bei ikashuka mpaka 770 ikaganda hapo muda mrefu, wauzaji walikuwepo wanunuzi hamna. Kwahiyo kabla sijaweka oda naangalia upande wa wanaotafuta hisa, wanataka ngapi na kwa bei gani, nikikuta hapo pametulia wiki nzima naachana nayo hata kama kampuni ni nzuri. Alafu kuna makato, ukinunua dalali na wenzake wanachukua asilimia 2 na kitu, ukiuza tena vilevile, yani kuingia na kutoka tu asilimia 4 imeenda na hiyo kwa hisa nyingine inakaribia gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa) la mwaka mzima. Ndo maana soko letu linamfaa mtu wa kununua na kukaa, sio wa kuchomoka kila bei ikicheza.

Sasa mabenki. Nimechukua gawio la CRDB mwaka hadi mwaka nikaliandika kwenye daftari: faida ya 2017 walilipa shilingi 5 kwa hisa, 2018 ikawa 8, 2019 ikawa 17, 2020 ikawa 22, 2021 ikawa 36, alafu 45, 50, na ya 2024 ni 65. Hapo toa kodi ya zuio asilimia 5, mkononi inabaki 61.75. Lakini kilichonivutia zaidi ni hesabu ya pili. CRDB ina hisa kama bilioni 2.61, zidisha kwa 65 unapata karibu bilioni 170, na faida baada ya kodi mwaka huo ilikua kama bilioni 551, ina maana wametoa chini kidogo ya theluthi. NMB nao hisa milioni 500 kwa gawio la 428.85 inakuja bilioni 214, nayo ni kama theluthi ya faida yao. Hela nyingine yote inabaki ndani kukuza mtaji wa benki. Kwa mimi wa miaka mingi mbele hiyo ni habari nzuri mno, gawio halijalipwa kwa kujikamua, na mwaka faida ikiyumba bado kuna nafasi ya kulilinda.

Tatizo ni kwamba nikishika CRDB na NMB nimeweka mayai kwenye sekta moja, na nikisema ngoja nijitawanye kwa kununua vipande vya Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS, huo mfuko nao unanunua hisa hizihizi za DSE! Fungua ripoti ya CRDB kwenye orodha ya wanahisa wakubwa utaukuta mfuko wa Umoja humo. Sio mfuko mbaya, upo tangu 2005 na umebeba watu wengi wa kawaida, ila kwa mtu ambaye tayari ana hisa za mabenki kwa sehemu unarudia kitu kilekile. Kwahiyo Umoja nimeusimamisha ulipofika, siongezi wala siuzi, mchango wa kila mwezi nimeuhamishia Mfuko wa Hatifungani (mikopo inayolipa riba) wa UTT AMIS, hela ya dharura inakaa Ukwasi, mfuko wao mwingine, ambako nikiomba naipata ndani ya siku chache za kazi.

Kwanini nisinunue hatifungani za serikali moja kwa moja BoT (Benki Kuu)? Nitanunua, kianzio ni milioni 1 na nakusanya. Ya miaka 25 ilipoanza 2021 riba yake ilikua asilimia 15.95, 2022 wakashusha za mpya hadi 12.56, ila aliyewahi ile ya kwanza anaendelea kulipwa 15.95 yake kwa mwaka, nusu kila miezi sita. Nikiona riba nzuri nataka milioni iwe tayari, sio nianze kukopa au kuuza hisa haraka haraka.

Kinachofuata ni Twiga Cement. Nataka kampuni moja isiyo benki, na saruji naielewa, ujenzi upo kila mtaa. Kinachonipa mashaka ni kwamba kampuni mama ina karibu asilimia 70, hisa zinazozunguka sokoni ni chache, kwahiyo ile kanuni ya mnunuzi inarudi. Naipitia miaka mitano ya mahesabu yao, na nafatilia oda zao kila Ijumaa soko likifungwa. Gawio la mabenki la mwaka huu nimelipaki Ukwasi likisubiri majibu.