Mgongo Hausimami Peke Yake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii naiandika nikiwa nimelala chali, godoro liko chini, mto chini ya magoti. Mgongo umegoma. Wengi wenu mnafahamu kwamba mama yangu amepooza upande mmoja na tunamuuguza nyumbani, na kumgeuza usiku ili asipate vidonda imekuwa kazi yangu kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa wiki nilimgeuza kama kawaida, kiuno kikashika moto, nikabaki nimeinama pale pembeni ya kitanda, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mama alinitazama, machozi yakamtoka, maana hakuweza kunisaidia.

Ndugu walipopata habari walipiga simu. Mjomba mmoja akaniambia, "Jikaze mwanangu, wewe ndiye uti wa mgongo wa nyumba hii." Aliyasema kwa upendo, na moyo wake naujua. Lakini simu ilipokatika nililia sana, kwa sababu hakuna aliyeuliza usiku ule mama atageuzwa na nani.

Tunapenda sana kusema hivyo. Kilimo ni uti wa mgongo. Akina mama ni uti wa mgongo wa kanisa. Fulani ni uti wa mgongo wa kwaya, asipokuja yeye hakuna ibada. Tunaposema hivyo tunamwona mtu mmoja aliyesimama wima, kila kitu kimemwegemea, naye hatikisiki. Nimekuwa na muda wa kuwaza, nikiangalia dari, jinsi Muumba alivyoutengeneza mgongo wenyewe. Haufanani hata kidogo na mtu huyo tunayemsifu.

Mtu mzima ana pingili 24 zinazocheza, zimepangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake kuna visahani laini vinavyopokea mshindo. Wataalamu wamepima uti wa mgongo uliovuliwa misuli, ukabaki mifupa na kano zake tu. Ukiwekewa mzigo mdogo kuliko hata uzito wa kichwa, mikono na kifua cha mwenye mgongo huo, unapinda na kuanguka. Unasimama kama mlingoti wa jahazi, kwa sababu kuna kamba zinazouvuta kutoka kila upande. Kamba zikikatwa, ubora wa mti haukusaidii kitu.

Halafu tazameni mtoto mchanga. Huzaliwa na mgongo uliojikunja kama upinde mmoja. Mkunjo wa shingo hujitengeneza anapoanza kuinua kichwa, na ule wa kiuno anapoanza kusimama na kutembea. Na wakati wote huo kuna mtu amemshika mikono. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejifunza kusimama wima bila kushikwa.

Ezekieli aliliona jambo hili bondeni. Mifupa ilisogeleana, mfupa kwa mfupa mwenziwe, lakini Bwana hakuishia hapo. Ikaja mishipa, ikaja nyama, ikaja ngozi, na mwisho pumzi. Mifupa iliyopangika vizuri bila hivyo vingine bado ni makaburi.

Hata milima ni hivyo hivyo. Andes, safu inayopita magharibi mwa Amerika ya Kusini kwa takriban kilomita 7,000, watu huiita uti wa mgongo wa bara lile, na ndiko Amazon inakoanzia. Lakini vilele vile vyenye theluji vimebebwa. Chini yake gome la dunia limezama sana, mahali pengine kufikia unene wa kilomita 70 hivi, karibu mara mbili ya kawaida ya mabara. Yona alisema alishuka hata pande za chini za milima. Huko ndiko mlima unakoshikiliwa. Na safu ndefu kuliko zote imefunikwa na bahari, kilomita 65,000 hivi kuizunguka dunia, na wengi wetu tutaishi na kuondoka bila kuiona. Mungu anaijua.

Kuna mchoro mmoja uliokaa nami wiki hii. Mchoraji wa Meksiko, Frida Kahlo, alipata ajali ya basi mwaka 1925 akiwa na miaka 18, uti wake wa mgongo ukavunjika. Mwaka 1944 alijichora mwili ukiwa umepasuka katikati, na mahali pa uti wa mgongo pana nguzo ya mawe yenye mipasuko. Misumari imemchoma usoni na mwilini, machozi yako mashavuni, nyuma yake ni ardhi kavu iliyojaa nyufa. Kiwiliwili kimezungushiwa mikanda ya kumshikilia. Macho yanatazama mbele moja kwa moja. Kilichonigusa ni kwamba mikanda ile hakuificha. Angeweza kujichora mzima, kwa gauni zuri, nasi tungemsifu kuwa ni mwanamke jasiri. Alichagua kutuonyesha kinachomshikilia.

Sasa twende Luka 13, maana huko ndiko Roho alikonipeleka nikashindwa kutoka.

"Na tazama, palikuwa na mwanamke aliyekuwa na pepo wa udhaifu muda wa miaka kumi na minane, naye amepindana, hawezi kujiinua kabisa." Alikuwa ndani ya sinagogi siku ya sabato. Jaribu kukaa kidogo mahali pake. Mtu aliyepindana hivyo haoni nyuso za watu, anaona miguu yao. Anajua waumini wenzake kwa viatu. Kutazama mbingu ni kazi, mpaka ajipinde shingo pembeni. Miaka 18 ni mtoto aliyezaliwa akawa kijana. Na siku hiyo yupo, amekuja kumwabudu Mungu katika hali hiyo hiyo.

Hakuomba kitu. Sikilizeni wapendwa, hakumshika vazi, hakupaza sauti kama Bartimayo, hakutuma mtu. Yesu alipomwona alimwita. Katikati ya mafundisho yake Bwana aliona mgongo uliopinda, na mafundisho yakasimama. Akamwambia, "Mama, umefunguliwa katika udhaifu wako." Kisha akaweka mikono yake juu yake, naye akanyoka mara hiyo, akamtukuza Mungu. Neno lingetosha, tunajua. Aliyemponya mtumishi wa akida akiwa mbali hakuhitaji kumgusa mtu. Lakini mgongo ule aliugusa.

Na nani alikasirika? Mkuu wa sinagogi. Kuna siku sita za kazi, anasema, njoni mponywe siku hizo. Nimekuwa nikimsoma mzee huyu kwa miaka kama mtu wa mbali. Wiki hii nimemwona katikati yetu, na naomba mnivumilie niseme.

Sisi tunamjua nani anapika msiba ukitokea. Tunamjua nani anabaki kufagia kanisa watu wakishatawanyika, nani anafundisha watoto bila mapumziko, nani analala hospitalini na wagonjwa wasio ndugu zake. Siku ya shukrani tunamwita mbele, tunampigia makofi, tunamvisha kitenge, tunasema huyu ndiye uti wa mgongo wetu. Kisha tunamrudishia mzigo ule ule. Akisema amechoka tunamwombea apate nguvu. Kumwombea ni vyema, lakini, kama Bwana alivyomjibu mkuu yule, siku ya sabato ng'ombe na punda tunawafungua zizini wakanywe maji, na binti wa Ibrahimu tunamwambia avumilie mpaka Jumatatu! Sifa yetu imekuwa kamba ya kumfungia. Nani atathubutu kusema ameelemewa, ikiwa kila Jumapili anatangazwa kuwa yeye ndiye asiyeelemewa?

Yethro alimwona mkwewe Musa ameketi toka asubuhi hata jioni akiwaamua watu, hakumsifu. Alimwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema." Huo ndio upendo. Na Bwana wetu mwenyewe, aliyewatolea mgongo wake wapigao, njiani kwenda Fuvu la Kichwa walimtwika Simoni Mkirene msalaba auchukue nyuma yake. Kama Mwana wa Mungu alichukuliwa mzigo njiani, mimi na wewe ni akina nani wa kukataa?

Niseme na jambo la Ijumaa, kwa utukufu wa Mungu. Dada wawili wa jumuiya yetu walikuja bila kuitwa. Mmoja amewahi kuwauguza wagonjwa wa aina hii. Alikunja shuka mara mbili, akalipitisha chini ya mama kuanzia mabega hadi mapaja, wakasimama huku na huku, magoti yamekunjwa, mikono imeshika shuka karibu kabisa na mwili wake. "Moja, mbili, tatu." Mama akateleza na kugeuka bila hata kuguna. Kazi iliyokuwa inanivunja kila usiku! Dada yule akaniambia, ukishika mzigo mbali na kifua unakuelemea mgongoni mara nyingi zaidi kuliko uzito wake; usogelee kwanza. Nimelitafakari neno hilo. Tumezoea kubebeana mizigo kwa mbali, kwa ujumbe wa sauti na picha ya mishumaa. Msogelee mtu. Ingia chumbani mwake, uone shuka lake, ujue dawa anazotoa ni za saa ngapi.

Nawe uliyepindana, unayesoma hapa usiku kwa sababu ndiyo saa pekee uliyo nayo, sikiliza. Kunyamaza kwako hakumtukuzi Mungu kuliko kusema. Yule mama alitukuza Mungu alipofunguliwa, na makutano wote wakafurahi pamoja naye. Tupe nafasi ya kufurahi nawe. Zaburi inasema Bwana huwainua wote walioinama chini, na mara nyingi huwainua kwa mikono ya watu waliokaa kiti cha jirani.

Kwa hiyo, wapendwa, nina ombi. Kila jumuiya iwataje kwa majina wote wanaouguza mtu nyumbani, hata wale wasiolalamika, hasa hao. Nimekubaliana na mzee wetu wa kanisa kwamba Jumapili hii kutakuwa na daftari mezani, mlangoni. Usiandike "nitasaidia". Andika jina lako, siku, saa utakayofika, na nyumba utakayokwenda.