Kazi: Mwanafunzi

Julai 2014 nilikuwa na miaka 17, tranka moja, godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, ndoo, jembe lisilo na mpini, na fomu ya kujiunga na kidato cha tano mkoani Kagera. Kwetu ni Temeke. Mama alikuwa na nauli ya mtu mmoja, kwa hiyo nilisafiri peke yangu.

Asubuhi ile Ubungo alinisindikiza mpaka mlangoni mwa basi. Akamwambia konda, "Huyu mwanangu, mwanafunzi, nakukabidhi." Konda akajibu, "Ondoa shaka, mama," macho yakiwa kwenye gunia la mtu mwingine. Halafu mama akanishika mkono: "Usiku basi litapaki Kahama. Usishuke. Lala humo humo."

Wasafiri wa siku hizi pengine hawajui. Enzi zile mabasi yalikatazwa kutembea usiku wa manane, katazo lililokuja kuondolewa 2023. Basi la Bukoba likitoka Dar saa 12 asubuhi, usiku lilikuwa linaegeshwa njiani, abiria wanalala vitini mpaka alfajiri. Wenye nazo wanatafuta gesti. Mimi nilikuwa na shilingi elfu ishirini na tatu na maagizo ya mama.

Kutoka Dar hadi Dodoma sina la kusimulia, maana nililala. Singida nilinunua paja la kuku wa kienyeji, gumu kama lilikimbia kutoka Iramba, nikalitafuna mpaka tunaanza kuteremka Sekenke. Pale basi zima lilinyamaza. Ukitazama dirishani unaona barabara unayokwenda kupita iko chini ya miguu yako, na mbele yake mbuga ya Wembere imelala tambarare hadi macho yanachoka. Mama mmoja wa kiti cha upande wa pili, mwenye kapu la ukindu miguuni, alitoa rozari. Tulipofika chini akairudisha kwenye kapu, akatoa ndizi, akanipa moja.

Springi ya nyuma ilikatika kabla ya Igunga. Kwa saa mbili na nusu tandiboi alikuwa chini ya gari, konda kasimama anammulikia tochi ya simu, abiria wamegeuka mafundi wote. Tukafunga kwa mpira, tukatambaa. Nzega, Tinde, Isaka. Kahama tuliingia saa 6 kasoro.

Ndipo konda akasimama: "Gari linaingia gereji usiku huu huu. Tushuke wote. Mizigo ya kwenye buti ibaki. Saa 11 alfajiri tukutane hapa, atakayechelewa asinilaumu."

Nilimkumbusha kwamba mama alinikabidhi kwake. "Mdogo wangu," akasema, "hata mimi sijui nitalala wapi."

Kahama ni mji wa watu wanaopita. Malori ya Rwanda na Burundi yanalala pale, wachimbaji wa dhahabu wanalala pale, na gesti zimejipanga kama meno. Ya kwanza ilijaa madereva. Ya pili ilikuwa na karatasi mlangoni, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: WANAFUNZI HAWARUHUSIWI. Niliisoma nikageuka bila kubisha hodi.

Njiani kijana mmoja mpiga debe akaanza kutembea sambamba nami. "Dada, wewe andika mimi ndiye kaka yako, chumba nalipa mimi." Nikamwambia kaka yangu yuko hapo mbele, askari. Sina kaka. Nilitembea haraka bila kukimbia, maana nilihisi nikikimbia tu atajua.

Gesti ya tatu ilikuwa na taa nje na mwanamke mapokezi, nikafarijika kuona mwanamke.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kimebaki kimoja, elfu kumi, choo ndani. Andika hapo."

Akanisogezea kitabu cha wageni, lile daftari refu lenye jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi. Tarehe. Jina. Kabila: Mmakonde. Utokako: Temeke. Uendako: Bukoba. Kazi. Hapo nilisita kidogo. Juu yangu wote waliandika dereva, mfanyabiashara, mfanyabiashara, mkulima, mfanyabiashara. Nikaandika ukweli, tena kwa mwandiko mzuri: Mwanafunzi.

Alikuwa anasoma kwa kichwa chini miguu juu kutoka upande wake. Kidole chake kikatua juu ya neno lile.

"Wa chuo?"

"Kidato cha tano. Ndiyo nakwenda kuripoti."

"Kadi ya kura?"

"Sijafikisha umri." Nikamtolea fomu ya kujiunga yenye picha yangu na kitambulisho cha shule niliyotoka. Alivitazama vyote viwili kwa heshima, akanirudishia, akafunga daftari kalamu ikiwa ndani.

"Siwezi, mdogo wangu. Polisi wakifanya msako hapa wanagonga mlango mmoja mmoja. Nikikutwa na mwanafunzi chumbani nitaeleza nini?"

"Niko peke yangu, dada."

"Ndivyo wote wanavyosema."

Nilimchukia usiku ule. Sasa nina umri kama wake na naielewa hesabu yake. Mtu wa chini ya miaka 18 kisheria ni mtoto. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ina kifungo cha miaka 30, na kila mtu anajua gesti zinatumikaje mchana. Kumfukuza mtoto wa shule mlangoni ndiyo njia rahisi ya mhudumu kumlinda mtoto, kulinda kibarua chake pia. Ninachokikataa ni hiki: kila mwaka serikali inawapangia watoto wa umri ule shule za upande wa pili wa nchi, inawaambia waje na jembe na rimu ya karatasi, na kwenye orodha ndefu ya mahitaji hakuna mstari unaosema mtoto alale wapi njiani. Fomu ile ilitaja mpaka rangi ya soksi.

Nilimuuliza kama naweza kukaa tu kwenye benchi la mapokezi mpaka alfajiri. Akawa anafikiri. Wakati anafikiri mlango ukafunguliwa, likaingia kapu la ukindu, kisha mwenye kapu.

"Ee! Kumbe uko huku," akaniambia. "Nimekuzunguka stendi nzima." Akamgeukia mhudumu. "Huyu wangu. Chumba kipo?"

Mhudumu alinitazama, akamtazama. Akafungua daftari. "Jina, mama. Kabila?"

"Mhaya."

"Mwanao kaandika Mmakonde."

"Baba yake Mmakonde." Alisema bila hata kupepesa. "Kuna sheria inayokataza?"

Ukutani palikuwa na tangazo kwamba watu wawili wa jinsia moja hawaruhusiwi kulala chumba kimoja, na chini yake mtu kaongeza kwa kalamu ya wino: isipokuwa mzazi na mtoto. Mhudumu alilitazama tangazo, mama wa kapu naye akalitazama. Mimi nikaokoa jahazi: "Mama, tukalale, nimechoka." Neno lilitoka lenyewe.

Chumbani akaweka kapu chini, akanyoosha kiganja. "Elfu tano yako." Nikampa. Nilifurahi kwamba aliidai. Angenilipia ningelala macho wazi, nikijiuliza anataka nini.

Kitanda kilikuwa cha futi nne. Chandarua kilikuwa na tundu lililofungwa fundo. Chini ya kitanda kandambili mbili, moja nyekundu moja bluu, zote zimekatwa ncha kwa kisu ili mgeni asione faida ya kuondoka nazo. Mama alikokota kiti akakiegemeza mlangoni, akaweka ndoo ya maji juu yake. "Akisukuma mtu, tutaoga wote," akasema. Akajifunika kitenge akakoroma hapo hapo. Mimi nilisikiliza malori yakiunguruma nje na kuwaza godoro langu liko gereji ipi.

Saa 10 na nusu alinitikisa. Mapokezi mhudumu alikuwa amelala kichwa juu ya daftari. Akainuka, akamsalimia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akapokea ufunguo. Mimi akaniambia, "Mmakonde, safari njema," na akacheka kidogo pembeni mwa mdomo. Nadhani alijua tangu mwanzo.

Springi ilikuwa mpya, godoro langu lilikuwa na alama ya mguu wenye grisi. Ushirombo, Runzewe, Biharamulo, kisha migomba ikaanza na haikuisha tena. Mama wa kapu alishukia Muleba. Aliniambia nisome, akamwambia konda kwa ukali asinipitilize, akaondoka bila kugeuka. Jina lake liko kwenye daftari la Kahama, mstari ulio chini ya wangu. Mimi sikulisoma.

Jioni, nikiwa bwenini, matroni aliniazima simu dakika mbili. Mama aliuliza kama nimefika na vitu vyote, kama nimekula, kama shule ina maji. Halafu akauliza nililala wapi.

"Kwenye basi," nikasema.

"Umeona sasa," akasema mama, na sauti yake ikatulia.