Suriname mwezi wa kumi: mto kwanza, mji baadaye

Nikisema naenda Amerika ya Kusini watu wanataja Brazil, wanataja Argentina, wanataja ile milima ya Peru, nikisema Suriname kinakuwa kimya, na wapo walioniuliza kama ni Asia. Basi tuanze na hapo. Suriname iko juu kabisa kaskazini mwa bara, Guyana upande mmoja, Guiana ya Wafaransa upande mwingine, Brazil kwa chini, mbele yao bahari ya Atlantiki. Ni nchi ndogo kwa viwango vya kule, kilomita za mraba kama 163,800 hivi, yaani karibu Suriname sita zinaingia ndani ya Tanzania, watu laki sita na kitu tu, na zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yao ni msitu. Lugha ya serikali ni Kiholanzi, mtaani wanaongea Sranan, na magari yanapita kushoto kama kwetu.

Sasa kwanini huko na sio Rio? Sababu yangu ni moja na nimekuwa nayo muda mrefu, ni watu wa mto. Waafrika waliopelekwa Suriname kwenye mashamba ya miwa na kahawa, wengine kutoka upande wa Kongo, wengine Ghana na Benin ya leo, kuna ambao walitoroka wakaingia msituni, wakapanda juu ya mito kupita maporomoko ambako askari wa Kiholanzi walikuwa wanapata tabu kufika, wakajenga vijiji, wakawa wanashuka usiku kuvamia mashamba kuchukua wenzao na silaha, na vita hiyo ikaenda miongo na miongo mpaka Waholanzi wenyewe wakaomba amani. Kati ya makundi ya hao waliotoroka, Wandyuka waliweka mkataba mwaka 1760, Wasaamaka mwaka 1762. Halafu angalia utumwa umefutwa lini Suriname: tarehe 1 Julai 1863! Na hata hapo walioachiwa walilazimishwa kubaki mashambani miaka kumi zaidi chini ya usimamizi wa serikali. Kwahiyo Wasaamaka walikuwa watu huru kwa mkataba miaka mia moja kabla ya wale waliobaki chini mashambani, na wajukuu zao bado wako palepale kwenye mto, na lugha yao, na machifu wao, na mashamba yao. Mimi nikiwaza hilo mwili unanisisimka, na siwezi kwenda bara lile lote nikapita mbali na watu hawa.

Kuna kitu kingine wanachosimulia Wasaamaka, kwamba wanawake walipokuwa wanatoroka walificha mbegu za mpunga ndani ya nywele zao, wakasukia juu, ndo wakaenda kupanda msituni, na mpaka leo kuna aina za mpunga zinaitwa kwa majina ya hao wanawake. Mama yangu nilipomsimulia alinyamaza kidogo akasema huyo mwanamke alijua anakokwenda atakaa. Nataka nifike nione huo mpunga shambani.

Haya, mipango. Kilichonisumbua zaidi ni mwezi gani niende, maana kila mwezi una kitu chake na kila mwezi unakunyima kitu. Mvua kubwa kule inaanza kama mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Agosti, halafu kiangazi kirefu mpaka mwanzoni mwa Desemba, halafu mvua fupi, halafu kiangazi kifupi kama Februari na Machi. Ukitaka kuona kasa wakitaga mayai pale Galibi, kule mashariki mdomoni mwa mto Marowijne ambako wanakuja mpaka wale kasa wakubwa kabisa duniani wenye mgongo wa ngozi, inabidi uende nusu ya kwanza ya mwaka. Ukitaka Keti Koti, sikukuu ya kufutwa utumwa, ni tarehe 1 Julai, mji mzima wa Paramaribo unatoka, wanawake wamevaa koto zile gauni kubwa za kufura na vilemba vya angisa vilivyofungwa kwa mitindo yenye ujumbe wake, lakini ndo mvua hasa. Na Oktoba tarehe 10 ndo siku ya watu wa msituni wenyewe, kumbukumbu ya ule mkataba wa 1760, sasa hivi ni sikukuu ya taifa. Nimechagua Oktoba. Kasa watanisubiri safari nyingine, na Keti Koti inaniuma kuikosa kwa kweli, ila kwa safari ya kwanza nataka nchi kavu na nataka tarehe 10 inikute huko.

Kiangazi nacho kina lake, maji ya mto yanapungua sana. Safari ya Upper Suriname, yaani sehemu ya juu ya mto Suriname wanakokaa Wasaamaka, inaanza pale Atjoni, unatoka Paramaribo kwa basi au gari kwenda kusini, barabara ya lami, mwendo wa kama masaa matatu hivi, na ukifika Atjoni barabara imeisha, mbele ni mto tu. Hapo unapanda korjaal, mtumbwi mrefu mwembamba wa mbao wenye injini, nahodha anakaa nyuma na injini yake, mwenzake anakaa mbele na pondo anasoma mawe. Mto ule una mawe na maporomoko madogo mengi, na Oktoba maji yakiwa chini kuna sehemu abiria wanashuka wanapita kwa miguu juu ya mawe mtumbwi uvutwe. Kwahiyo usiweke ratiba ya kubana, ukisema leo nafika saa saba kesho saa nne narudi utaumia. Nimeacha siku za ziada upande wa mto na nimepunguza upande wa mji, watu wengi wanafanya kinyume chake, wanakaa mjini halafu wanapanda mto kulala mara moja au mbili, na mimi naona ni kupoteza nauli yote hiyo.

Vijiji ninavyoviangalia ni Pikin Slee, hapo kuna makumbusho ya Wasaamaka yaliyoanzishwa na wanakijiji wenyewe, wamekusanya vyombo vya nyumbani, pangi, na ile kazi yao ya kuchonga mbao wanayoiita tembe, makasia, viti, milango, nakshi zinazopishana kama zimesukwa. Ukizaliwa pwani yetu umekua unaona milango ya nakshi, mtu wa hivyo atasimama mbele ya tembe muda mrefu. Na pangi ndo nguo ya mwanamke kule, kitambaa anajifunga kiunoni, na kwenye vijiji vingi mwanamke mgeni anaombwa naye avae pangi akiwa anapita kijijini, basi mimi na mdogo wangu tunaondoka na kanga zetu kwenye begi, moja ya zawadi moja ya kuvaa, na tukifika tutanunua pangi zao.

Kuna adabu zake pia na naziandika hapa kwasababu nimeona watalii wengine hawajali. Mlango wa kijiji mara nyingi una makuti yaliyoning'inizwa juu, unapita chini yake, ni kinga ya kuzuia mabaya yasiingie na watu, sio pambo la kupigia picha. Picha ya mtu unaomba kwanza. Kuna sehemu za mababu hazikaribiwi. Kuna kabiten, huyo ndo mkuu wa kijiji, na juu ya wote kuna granman, na mgeni anapeleka salamu kama unavyopeleka kwa mwenyekiti wa kijiji ukifika ugenini huku kwetu. Mwanamke akiwa kwenye siku zake kuna vijiji vina taratibu zake za wapi apite na wapi asipite, uliza wenyeji wako mapema bila aibu, wamezoea kuulizwa.

Njiani kwenda Atjoni unapita karibu na ziwa la Brokopondo na hili nataka tulijue kabla ya kupiga picha nzuri za miti mikavu iliyosimama katikati ya maji. Ile miti ni msitu uliozama. Miaka ya 1960 walijenga bwawa pale Afobaka, umeme wake ukawa wa kiwanda cha aluminiamu, na watu kama elfu sita wakahamishwa, wengi wao Wasaamaka, vijiji vyao viko chini ya maji mpaka leo. Wengine wakapelekwa maeneo kama Brownsweg, wengine wakapanda juu zaidi ya mto. Ndo watu walewale ambao baadaye walipoona makampuni ya magogo yanapewa msitu wao bila kuulizwa wakaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na Novemba 2007 mahakama ikasema ardhi ni haki yao na serikali lazima iwashirikishe kabla ya kumpa mtu kibali. Kushinda kesi ni kitu kimoja na kuona hukumu inatekelezwa ni kingine, bado wanadai. Lakini ona ukoo wa watu hawa, tangu 1762 wanasimama na karatasi mkononi wanasema mliahidi.

Mji sasa. Paramaribo katikati ni nyumba za mbao za zamani, nyeupe, UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2002, na kuna kanisa kuu la Wakatoliki la mbao tupu ambalo nataka kuingia ndani. Barabara ya Keizerstraat kuna msikiti na sinagogi vimejengwa pembeni kwa pembeni, na lile sinagogi sakafu yake imemwagwa mchanga. Suriname ndo nchi ya bara la Amerika yenye Waislamu wengi kwa asilimia, ni mwanachama wa OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, tangu 1996, kwahiyo chakula halali sio shida. Waislamu wake walitoka India na Java, Wahindi wakaanza kuletwa mwaka 1873 na Wajava 1890, wote kwa mikataba ya vibarua baada ya watumwa kuachiwa. Na hapa kuna jambo limenikaa moyoni: Wajava walipokuwa kwao kibla kilikuwa magharibi, wakafika Suriname ambako Makka iko mashariki, na wengi wakaendelea kuelekea magharibi vilevile walivyofundishwa na wazee wao. Baadaye wakatokea wenzao waliogeukia mashariki, ukawa mvutano mkubwa, na misikiti ya aina zote mbili imeendelea kuwepo. Sisi Dar tunaelekea kaskazini na sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kubeba upande wa kibla akavuka nao dunia. Siwahukumu hata kidogo. Natamani kukaa na mzee mmoja wa kule anisimulie.

Chakula nitajaribu vyote! Pom, ile ya kuoka na kuku inatengenezwa kwa mzizi wa jamii ya magimbi, her'heri ambayo ni mihogo, viazi vitamu na ndizi na samaki wa chumvi, roti za Wahindi, supu ya saoto ya Wajava, na bakabana ndizi za kukaanga na mchuzi wa karanga.

Usafiri, wengi mmeniuliza. KLM wanatoka Dar mpaka Amsterdam na Amsterdam wanaruka moja kwa moja mpaka Paramaribo, karibu saa tisa angani, tiketi moja, mzigo unafika wenyewe. Njia ya Addis mpaka São Paulo ipo lakini utabadilisha ndege mara nyingi nikaiacha. Wenzetu wa Congo DRC mkipita Amsterdam mnahitaji viza ya transiti hata kama hamtoki uwanjani, msije mkakwamia kwenye chekini. Uwanja wenyewe uko Zanderij, kilomita 45 kusini ya mji, panga teksi mapema kama unafika usiku. Saa zao ziko nyuma yetu saa sita. Viza unaomba mtandaoni kabla ya kuondoka, na kadi ya njano ya homa ya manjano usiiache, chanjo inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchoma, kwahiyo usichome wiki ya safari. Malaria kuna habari njema, Juni 2025 WHO waliitangaza Suriname haina tena malaria, nchi ya kwanza kwenye ukanda wa Amazon, ila dengi ipo na chandarua nabeba. Hela yao ni dola ya Suriname, euro na dola za Marekani zinabadilishika kirahisi mjini, mtoni ni keshi tu kwahiyo unabadilisha kabla ya kupanda basi la Atjoni.

Kilichobaki ni malazi ya mtoni. Gesti nyingi kule ni vibanda vya mbao vya wanakijiji wenyewe na bukingi inafanyika kwa simu au kupitia mtu wa Paramaribo, nami nataka hela iingie mkononi mwa kijiji kwanza. Kama kuna msomaji aliyewahi kulala Pikin Slee, Gunsi au Botopasi, hasa ninyi mliopo Uholanzi ambao mna majirani na marafiki Wasuriname, naomba mniambie mambo mawili: nani wa kuongea naye moja kwa moja kijijini, na kama tarehe 10 Oktoba ni vizuri kuikuta mjini Paramaribo au kubaki kulekule juu na Wasaamaka. Kwenye ratiba hiyo siku nimeiacha wazi kwanza.