Siku yangu moja wodi ya wanaume: maini, futi na mzee wa kitanda namba 9

Saa 11:30 alfajiri. Chai ya rangi na kiporo cha wali, kisha mbio kituoni. Niko mwaka wa tatu wa diploma ya uuguzi hapa Mwanza, na hii ni wiki yangu ya nne wodi ya wanaume. Mfukoni nina kalamu, kijitabu na futi ya fundi cherehani. Wenzangu walinicheka nilipoinunua. Sasa wanaiazima kila siku.

Saa 1:30. Tunakabidhiwa zamu. Nesi wa usiku anasoma haraka, macho yamemwiva. "Namba 4, mvuvi wa Ukerewe, miaka 26, hajatapika damu tena. Namba 9, mzee, ini limesinyaa kwa virusi vya homa ya ini B, tumbo limejaa maji. Amelala vizuri."

Sista inchaji ananyanyua kichwa. "Amelala vizuri, au amelala tu?"

Hakuna aliyejibu.

Saa 2. Kazi ya futi. Wagonjwa wenye maji tumboni tunawapima uzito kabla ya chai, wakishakojoa, kwa mizani ileile. Halafu mzunguko wa tumbo usawa wa kitovu. Wiki ya kwanza nilipima bila kuweka alama ya kalamu. Kesho yake tumbo la mgonjwa "likapungua" sentimita 6, nikajisifu, na daktari alikuwa karibu kupunguza dawa ya kukojosha. Kumbe futi nilikuwa nimeipandisha juu. Siku hizi natia alama pande zote mbili za kiuno. Uzito nao usiporomoke: kwa asiyevimba miguu tunataka usipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku, kwa sababu akikaushwa haraka, figo ndizo zitakazolia.

Saa 3, raundi. Mvuvi anauliza swali ambalo naamini limemkaa rohoni tangu alipolazwa: "Dokta, mimi pombe sijawahi kuonja. Watu kijijini watasema nini wakisikia ni ini?"

Daktari akachora nyuma ya karatasi ya maabara. Kichocho cha tumbo, kile cha ziwani: minyoo hutaga mayai, mayai yanasafiri na damu hadi kwenye vijishipa vinavyoingia kwenye ini, yanakwama humo, na miaka inavyokwenda kovu linaizunguka mishipa. Ini lenyewe huweza kuendelea na kazi zake karibu kama kawaida. Kilichoziba ni njia ya kuingilia. Damu ikikosa pa kupita inatafuta vichochoro, na kimojawapo ni mishipa ya umio. Hiyo inavimba, kuta zake zinakuwa nyembamba, siku moja inapasuka. Akishatulia atafungwa mishipa hiyo kwa vipira kupitia kamera, atumie propranololi ya kupunguza presha kwenye mishipa hiyo, na prazikwanteli ya kuua minyoo. Kovu la zamani dawa hiyo hailifuti, na hilo aliambiwa waziwazi.

Saa 5. Nilikuwa nabadilisha shuka namba 9 mkewe akaninong'oneza: "Mwanangu, usiku baba alikuwa anatafuta mlango ukutani."

Nikakaa kitandani. "Shikamoo babu. Leo siku gani?" Akatabasamu bila kujibu. Nikamwomba anyooshe mikono, viganja ameviinua vikitazama mbele kama anayesimamisha daladala. Viganja vikaanza kuanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka, kama mbawa za kuku aliyechoka. Nikafungua chati: safu ya choo ilikuwa tupu siku tatu.

Mwenzangu alikuwa ameshapendekeza tumwombee diazepamu maana usiku alisumbua majirani. Hapo ndipo nilipoelewa swali la asubuhi. Ini lililochoka halisafishi sumu zinazotoka utumboni, zinapanda kichwani. Dawa ya usingizi ingemzamisha kabisa. Daktari akachukua sampuli ya maji ya tumbo kutafuta maambukizi, akaandika laktulozi, dawa ya kulainisha choo. Kazi yangu ikawa kuhesabu choo: lengo ni mara 2 hadi 3 kwa siku, kilaini. Kuhara kupita kiasi nako ni balaa.

Saa 7. Mkewe ameleta ugali na dagaa. Aliwahi kuambiwa mgonjwa wa ini asiguse samaki wala maharage. Ushauri huo ni wa zamani. Mwili huu umeisha nyama, unahitaji protini, na uji kabla ya kulala pia. Tatizo la dagaa wale ni chumvi. Kingine kilichoniuma ni kikombe: kamtengea chake, chekundu, hakigusi mtu. Nikamweleza kwamba homa ya ini B haiambukizwi kwa kikombe wala sahani. Wembe na mswaki, ndiyo, visichangiwe. Yeye na watoto wapime. Wasio nayo wachanjwe.

Saa 8. Naweka kanula ya dripu, sindano moja kwa moja kwenye kisanduku cha manjano, hakuna kurudisha kifuniko. Chanjo zangu tatu nimemaliza, lakini sijawahi kuzoea hofu hii.

Saa 8:40. Babu ameenda choo. Nilifurahi hadi nikajishangaa.

Saa 9:30. Zamu yangu ya kukabidhi. Kabla ya kusoma nikapita tena namba 9. "Babu, leo siku gani?"

"Jumanne," akasema, safari hii kwa sauti.

Ilikuwa Jumatano. Nikaandika kwenye faili kama alivyosema.