Uzi Uliobaki Ndani

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mtu wa Mombasa na sweta, wapi na wapi? Lakini hii yangu alinifumia marehemu mama nilipokwenda kusoma Wundanyi, na baridi ya Taita mwezi wa Julai si mchezo. Hadi leo huivaa msimu wa kusi, wenzangu wakicheka.

Jumanne jioni, tukishuka feri pale Likoni kwa msukumano ule mnaoujua, mkono wa sweta ulinasa kwenye waya wa kikapu cha mtu. Kutazama, uzi mmoja umekatika karibu na kiwiko. Ningeuacha vile vile ingekuwa nafuu. Mimi nikauvuta, eti nausawazisha! Vitanzi vikaporomoka kimoja baada ya kingine mpaka karibu na kiganja, pakabaki ngazi ya nyuzi tupu.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama mkubwa. Hata pole hakunipa. "Usiiguse tena," akasema, akakitia pini kile kitanzi cha chini kabisa kisizidi kushuka. Ndipo akavaa miwani, akasogea mlangoni penye mwanga na krosheti yake. Alianzia chini. Akauvuta uzi wa kwanza wa ngazi upite ndani ya kitanzi, ukawa kitanzi kipya, akauvuta wa pili, wa tatu. Nilihesabu mpaka 20 na kitu nikapotea.

"Mbona unanuna?" akaniuliza. "Uzi wote huu hapa. Umekosa wa kuushika tu."

Kule juu palipokatika ndipo palihitaji uzi mwingine. Nikasema nitautafuta mjini. Akaguna, akaugeuza mkono wa sweta ndani nje. Kwenye mshono wa pembeni mama alikuwa ameacha uzi wa ziada, wa kama shibiri moja, akaufichaficha humo. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuona. "Mfumaji huacha," mama mkubwa akasema. "Anajua nguo itakutana na dunia."

Usiku nikafungua Zaburi 139:13, "Uliniunga tumboni mwa mama yangu." Nimelisoma andiko hili tangu shule ya Jumapili, na sikuwahi kusimama kwenye hilo neno kuunga. Sisi huku mfupa uliovunjika tunauunga, uzi uliokatika tunauunga, hata mchuzi tunauunga kwa tui. Kwa hiyo kitenzi kinachosema nilivyofanywa ndicho kinachosema ninavyotengenezwa nikivunjika. Basi aliyeniunga mwanzo anajua ameacha wapi uzi wa ziada, hata kama mimi mwenyewe sijawahi kujigeuza ndani nje nikautafuta.

Halafu kuna ile kanzu ya Bwana katika Yohana 19:23-24. Askari waligawana mavazi yake mafungu manne, lakini kanzu, kwa kuwa ilifumwa yote tangu juu bila mshono, wakaipigia kura wasiipasue. Watu wale hawakuwa na huruma hata chembe, ila nguo waliijua. Kitu cha kufumwa ukikikata kipande, na hicho kinachobaki kinafumuka.

Hapo nikashikwa. Mnajua kuna dada wa sauti ya pili asiyeonekana kwaya tangu Machi. Wengi hamjui kwamba ni neno langu, nililomwambia mbele ya watu, tena kwa kicheko. Baada ya hapo nikamtumia ujumbe mrefu wa kujieleza, nikatuma na watu wakamweleze zaidi. Nikivuta uzi, nikidhani nasawazisha. Wawili waliokuwa wakiketi karibu naye nao wakaacha kuja, na mimi nikawa nalaumu ubaridi wa kiroho siku hizi.

Sweta imepona, ila si kama zamani. Uzi uliokaa ndani haukuona jua, kwa hiyo pale kiwikoni pana mstari wa rangi iliyokolea kuliko kwingine. Nilimwuliza mama mkubwa kama utafifia. Akaniambia niivae tu.

Kesho baada ya ibada navuka kwenda Kisauni kwa yule dada nikiwa nimeivaa. Sibebi maelezo safari hii, nabeba mahamri. Akinifungulia mlango nitaanza na lile neno la Machi, hilo moja tu, kisha ninyamaze. Mniombee nisivute.