Asubuhi niliyomnyang'anya baba kijiko

Ilikuwa majira ya baridi, ile baridi ya kuamka unakuta vioo vya dirisha vinatiririka maji kwa ndani, na mimi nilikuwa nimehamia kwa baba kwa muda maana alikuwa ametoka hospitali kama wiki mbili hivi na alikuwa anaishi peke yake. Shida yake kubwa ilikuwa kula. Mdomo wake ulikuwa kama umepakwa chaki, maneno yake hayo, kila ukimpa kitu anakichokonoa mara mbili tatu afu anaisogeza sahani pembeni anasema asante mwanangu nimeshiba, na hajala. Mkate anauacha, chai inapoa. Mtu aliyekuwa mkubwa vile ukimshika bega unasikia mfupa, nilikuwa naenda kulala nalia kimyakimya.

Jioni moja tu kaangalia dirishani akasema, "Msimu wa mabalungi huu." Basi, hakuongeza neno. Lakini mimi nilishajua, kwa sababu tulipokuwa wadogo baba alikuwa hapitishi asubuhi ya baridi bila nusu balungi na sukari juu, na sisi tunakaa kumtazama tukisubiri atukamulie maji ya mwisho kwenye vijiko vyetu.

Nikatafuta nikapata manne. Nikayapima kwa mkono moja moja, maana balungi zuri unalijua kwa uzito, likiwa jepesi kuliko saizi yake ujue ndani limeshakauka. Nikawaza, hili la baridi hatalila na meno yanamuuma hivi, ngoja nimfanyie la moto.

Niliamka kabla yake. Nikalikata kati kwa upana, nikalipunguza kidogo ganda la chini ili likae lisiyumbe, afu nikachukua kile kisu kidogo chenye ncha nikazunguka kila kipande nikikiachanisha na utando wake. Kazi hii haitaki haraka, ukikimbilia unatoboa maji yote yanamwagika, na ukiacha utando mtu mgonjwa anabaki anavuta nyama ya tunda kwa kijiko haitoki anakata tamaa. Mbegu nikatoa zote. Juu nikalikausha kwa karatasi ya jikoni, kwa sababu sukari ikikuta maji mengi inayeyuka tu inazama haiungui vizuri. Chumvi chembe chache, watu wengi wanashangaa hii ila chumvi ndo inayoufunga ule uchungu kuliko hata sukari. Afu kijiko cha sukari ya kahawia nimeitandaza mpaka pembeni, mdalasini kidogo, kipande cha siagi kama ukucha, nikaingiza kwenye oveni wavu wa juu kabisa, moto wa juu tu.

Hapo hutakiwi kuondoka. Nilichuchumaa mbele ya kioo nikawa naangalia. Dakika mbili tatu za kwanza hakuna kitu, sukari imekaa kama mchanga, afu pembeni kukaanza vipovu vidogo, katikati bado kavu, afu ghafla yote ikalegea ikang'aa na ncha za utando zikaanza kuwa nyeusi nyeusi, na ile harufu, yani ganda la balungi likipata moto mafuta yake yanatoka, nyumba nzima ikanukia. Nikasikia slipasi za baba zinakuja zenyewe. Wiki mbili nilikuwa namwita mezani mara tatu, siku hiyo sikumwita.

Akakaa. Nikamwekea mbele yake, moshi unatoka, sukari juu imeshaganda kama kioo. Sijui kama naweza kueleza alivyoliangalia.

Simu ikaita, dada, anapigaga kila asubuhi kumjulia hali. Nikaweka video nimwonyeshe maana nilikuwa na furaha jamani. Akauliza hiyo ni nini, nikamwambia balungi la moto, baba anakula leo! Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ile karatasi ya ndani ya boksi la dawa umeisoma?"

Na nyuma yangu nikasikia kach. Sukari imevunjika, kijiko kimeingia.

Niligeuka nikakishika kile kijiko kikiwa njiani. Nilikinyang'anya mkononi mwa baba yangu. Aliniangalia, hakukasirika, bora hata angekasirika, aliniangalia tu kama mtoto aliyeambiwa pipi si zake.

Hospitali walikuwa wamemwanzishia simvastatini ya kushusha kolesteroli, na karatasi yake inasema wazi usitumie balungi. Mimi dawa nilikuwa nampa kwa saa, kwa alamu, karatasi nimeikunja nimeirudisha kwenye boksi sijasoma. Nikamuuliza dada, si nimelipika, moto si umeua hicho kitu? Akanijibu karatasi haijasema bichi wala la kupika, imesema balungi. Kweli.

Baadaye nilikuja kusoma nikaelewa. Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachoivunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu, ndo maana dozi inapangwa ikijua kuna kiasi kitapotea. Balungi linakizima kile kimeng'enya, na athari inaweza kupita siku nzima, kwa hiyo hata ungekula asubuhi na dawa ukameza usiku haisaidii. Dawa inajaa kwenye damu kuliko ilivyokusudiwa, na hii ya baba ikizidi inaweza kuharibu misuli. Na iligunduliwa kwa bahati tu, watafiti wa Kanada walikuwa wanapima kama pombe inaathiri dawa ya presha inaitwa felodipini, wakatumia juisi ya balungi ili kuficha ladha ya pombe, wakakuta dawa kwenye damu imepanda kuliko walivyotegemea. Walitoa matokeo yao 1989. Ladha ile ile kali niliyoitegemea imfufue baba mdomo.

Ila asubuhi ile sikuyajua yote hayo, nilichojua ni kwamba baba ana njaa, kwa mara ya kwanza, na mimi nimeshika kijiko chake. Nikamuuliza dada machungwa je? Akapiga simu kwa mfamasia akarudi: chungwa tamu la kawaida ruksa, danzi hapana, furungu hapana. (Balungi lenyewe ni mtoto wa furungu na chungwa, walichanganyikia Barbados karne ya 18, na hicho kinachogombana na dawa limekirithi kwa furungu.)

Nikamwambia baba nipe dakika kumi tu. "Nitangoja," akasema.

Machungwa nilikuwa nayo. Nikayamenya kwa kisu mpaka weupe wote ukaisha, nikayakata duara duara, nikayapanga kwenye bakuli la oveni yakilaliana. Sukari nusu ya ile ya kwanza maana chungwa halina uchungu wa kupigana nao, limau nikakamulia kidogo lisije likawa tamu la kuchosha, ganda la juu nikalikwaruza nikanyunyiza, mdalasini, siagi. Mikono ilikuwa inatetemeka nikajikata kidole. Likatoka na rojo la dhahabu chini, linachemka bado.

Alianza na lile rojo. Kijiko cha kwanza akakaa nacho mdomoni muda mrefu amefumba macho, nikaogopa anatema. Akameza. Akala duara la kwanza, la pili, alipomaliza yote akalishika bakuli kwa mikono miwili, lilikuwa limeshapoa kiasi cha kushikika, akanywa kilichobaki, na kidevu kikang'aa sukari. Dada bado yuko kwenye simu, hakuna aliyekumbuka kukata, namsikia anavuta kamasi.

Kesho yake niliamka nikakuta taa ya jikoni inawaka. Baba ameshakaa mezani na sweta lake, kijiko mkononi, na pembeni ya oveni kuna machungwa mawili ameshayaosha.