Nesi mzoefu simtafuti tena kwa dalali

Habari za siku nyingi jamani, nimepotea hapa muda mrefu manake zahanati ilinielemea, na leo nimepata nafasi nataka niandike hili jambo la manesi kabla sijalisahau, maana wiki hii tu watu wawili wenye vituo kama changu wamenipigia wananiuliza mimi nawapata wapi na wakala gani namtumia.

Situmii wakala. Nlitumia mara moja ikanitosha.

Kwa asiyenijua, nasimamia zahanati ndogo ya familia hapa Tanga mjini, upande wa Makorora. Tuna chumba cha kujifungulia chenye vitanda viwili, maabara, kliniki ya mama na mtoto, basi. Mwaka juzi ajira za serikali zilitoka na ndani ya wiki tatu manesi wangu watatu wakaondoka, mmoja kapangiwa Handeni, mwingine Kilindi, wa tatu kaenda mbali kabisa nje ya mkoa. Sikuwalaumu hata kidogo, serikalini kuna pensheni, kuna kwenda kusoma, nani akatae? Lakini huku nyuma nimebaki na nesi mmoja mzoefu na wasichana wawili waliotoka chuo juzi, na akina mama wanakuja na uchungu usiku kama kawaida, hawajui kama mimi sina watu.

Nikapanik, nikampigia jamaa mmoja wa Dar anayetafutia watu wafanyakazi. Akataka mshahara wa mwezi mzima wa huyo nesi kabla hata hajaja, nikalipa. Kaja binti mzuri, mpole, karatasi zake zimeandikwa miaka sita ya leba, lakini usiku wa pili tu nesi wangu mkubwa akanambia huyu mtoto patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, hajui kuijaza, na kumbe ile miaka sita mingi alikua mapokezi. Yeye mwenyewe alilia, akasema karatasi aliandikiwa. Wiki ya tano akaondoka, na nilisikia yule yule jamaa kamhamishia kituo kingine, yaani kalipwa mara mbili kwa mtu mmoja. Iliniuma kwa ajili ya hela lakini iliniuma zaidi kwa ajili ya yule binti, na kwa ajili ya mama yeyote ambaye angeweza kukutwa na yeye peke yake usiku ule.

Basi siku moja nimekaa barazani nakunywa kahawa namsimulia mzee wangu haya mambo, akanambia sasa wewe unatafuta manesi Dar, na huyu mama wa mtaa wa pili kazalisha nusu ya watoto wa Ngamiani, umeshaenda kumuuliza? Nikaona aibu kwakweli. Namjua tangu nipo mdogo, kastaafu alipofika miaka 60 kama sheria ya utumishi inavotaka, na zaidi ya miaka 30 kaimaliza wodi ya wazazi. Nikaenda jioni ile ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna mgonjwa?"

"Hapana mama, nimekuja kukuomba uje utusaidie pale zahanati."

Kanyamaza kidogo, akasema, "Naiti siwezi tena, miguu inavimba. Lakini mchana ungeniita siku nyingi ningekuja, mbona mmekaa kimya?"

Hilo "mbona mmekaa kimya" sijalisahau mpaka leo. Tunao wamama na wababa wamestaafu hospitali za Bombo, Muheza, Korogwe, wana nguvu, wanakaa nyumbani wanaangalia wajukuu, na hakuna anayewagongea mlango. Tulikubaliana siku tatu kwa wiki, asubuhi mpaka saa nane mchana, mkataba wa maandishi kabisa, na leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ilikua imeisha muda tukamsaidia kuihuisha kwanza kabla hajagusa mgonjwa. Hapo naomba msikie vizuri, uzoefu wa miaka 30 hauondoi leseni, bila leseni hai hata awe nani asivae sare yako. Alafu mfumo wa bima kwenye kompyuta unamsumbua, nikampa mmoja wa wale wasichana wakae pamoja, binti anamchapia madai, mama anamfundisha kuupima mlango wa kizazi kwa mkono, na sijawahi kulipia semina iliyofundisha vizuri hivo. Ndani ya miezi miwili kaniletea wenzake wawili. Gharama yangu ya kuwapata wote watatu ilikua nauli na kilo ya sukari niliyobeba siku naenda kusalimia.

Kundi la pili sikulitegemea kabisa, ni wale waliofuata wenzi wao. Tanga hii watu wanahamishiwa kila siku, bandari, kiwanda cha simenti, walimu, polisi, na tangu mambo ya bomba la mafuta yaanze kule Chongoleani ndio zaidi. Mwanaume kahamishiwa huku, mke wake alikua nesi hospitali binafsi Mwanza au Mbeya miaka minane, kaacha kazi kamfuata mume, sasa yupo Duga anauza barafu. Wa kwanza tulimpata kliniki hapa hapa. Kaleta mtoto wa miezi tisa chanjo ya surua, badala ya kukaa kwenye benchi kama wengine akamuuliza nesi wangu kwa upole, "Dada samahani, hii chupa mmeichanganya saa ngapi?" Mtu wa kawaida hawezi kujua kwamba ile chanjo ikishachanganywa inatakiwa itumike ndani ya masaa sita tu. Nesi wangu akaja mbio ofisini, "Bosi, huyu mama mwenzetu huyu." Alianza kazi mtoto alipofika mwaka. Tangu hapo nimewaambia wote wa mapokezi na kliniki, ukiona mzazi anaongea kama mtu wa fani muulize tu kwa heshima, mama umesomea wapi, hakuna anayekasirika kuulizwa hivo.

Na wale walioondoka msiwatupe. Siku wale watatu wangu wanaondoka niliwalipa chao chote, michango ya NSSF ilikua imeenda sawa, nikawapa barua nzuri, tukala pilau pamoja. Huyu wa Handeni ndiye aliyetuma tangazo langu kwenye grupu la wasap la darasa lake la chuo, grupu ambalo mimi nisingeingia hata kwa hela. Walimu wa vyuo vya uuguzi nao wanajua wanafunzi wao wa zamani wapo wapi na nani kachoka alipo, nenda kawasalimie. Na Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, nilienda na manesi wangu kwenye maadhimisho, tukapiga stori tu, nikarudi na namba saba.

Sasa tangazo lenyewe. Zamani niliandika kama kila mtu, "mshahara ni maelewano", wakanijibu vijana ambao hawajawahi kuajiriwa popote. Nesi mwenye miaka kumi kazini hana muda wa kupanda daladala kuja kuelewana. Niliporudia nikaandika kila kitu wazi, mshahara ni kiasi gani na unaingia tarehe ngapi, zamu ni masaa mangapi, naiti ngapi kwa mwezi, na naiti utakua na nani. Hilo la mwisho ndilo waliloniulizia wengi. Nesi mzoefu ameshakaa peke yake usiku na mama anavuja damu na gari hakuna, haogopi kazi, anaogopa kuachwa peke yake tena. Hapa kwetu naiti ni wawili siku zote, hata mwezi ukiwa mbaya kihela, nakata kwingine.

Kupima uzoefu nako sio lazima mtu wa kati. Naangalia leseni na kuihakiki, napiga simu kwa matroni wake wa zamani, alafu yule mama yetu mstaafu anamkalisha na kumuuliza swali moja, "Mtoto katoka, hajalia, fanya." Aliyesoma tu anaanza kuita daktari. Mzoefu mikono inaanza kwenda hewani yenyewe kabla mdomo, anamkausha, anamfunika, anamsugua mgongo, anasema dakika moja haiishi kabla mtoto hajapumua au mimi sijashika ambu, ile pampu ya mkono ya kumpulizia hewa. Wengine wanafanya huku wamefumba macho, na mimi mwili unasisimka kila mara. Akipita hapo anafanya zamu moja na sisi, ya kulipwa, manake kumfanyisha mtu kazi bure ukiita majaribio ni kumdhulumu.

Kama mtu bado yupo serikalini na anataka kuja siku zake za ofu, mwambie aombe ruhusa kwa mwajiri wake kwanza. Sitaki mtu aje kwangu kasinzia, kesho yake yupo wodini kwa watu.

Watu wananambia mbona wako hawaondoki sasa hivi, unawapa nini. Ratiba ya zamu inabandikwa mwezi mzima kabla na haibadilishwi kwa simu ya saa kumi na mbili asubuhi. Likizo siku 28, uzazi siku 84, na ile nyongeza ya asilimia 5 ya masaa ya usiku ipo kwenye sheria ya kazi ya mwaka 2004, wala sio zawadi yangu, ila utashangaa wangapi wananambia hawajawahi kulipwa hiyo popote. Cha kwangu ni bodaboda tu, anayemaliza zamu saa tatu usiku analipiwa mpaka mlangoni kwake. Nesi mmoja wa Pongwe kanambia mume wake ndiye aliyemkatalia kuhama kwa sababu ya hiyo bodaboda.

Nimepungukiwa mkunga mmoja wa naiti hivi sasa. Mama yetu kanambia juzi kuna mwenzake Pangani mtoto wake wa kike ni nesi, karudi nyumbani kumuuguza baba, mzee kashapona na binti anatafuta kazi karibu na wazazi. Jumamosi asubuhi tunaenda wote kusalimia, kaniambia nibebe sukari.